Tereza Abaki, au Apande Treni?

Mshauri Geraldine mpendwa,

Nimesoma safu yako kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, hasa yule mcheza dansi aliyeuliza kama amwambie mchumba wake kuhusu wigi, na leo nami nimepanga foleni pamoja na wanaochekwa, kwa hiyo naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo natakiwa kutia sahihi karatasi au kukataa, na nimeazimia kukataa, ila kila nikishika kalamu niandike "sikubali" mkono unakuwa mzito kama wa shahidi wa uongo.

Nina miaka themanini na mitatu. Nilizaliwa Szeged, Hungaria, nikatoka huko kwa miguu Novemba ya mwaka 1956, na tangu nifike New York nimeishi nyumba ileile, ghorofa ya nne, upande wa magharibi wa Manhattan, nikitunga maneno ya nyimbo za jukwaani kwa lugha niliyojifunza nikiwa mtu mzima. Kazi moja inatosha unijue: maneno ya *Sindano ya Tereza* ni yangu, na muziki ni wa marehemu Morrie Zelnick.

Kwa wasomaji wako vijana nieleze kidogo. Tereza anashona matundu ya vifungo katika karakana ya magauni, na wakati wa chakula cha mchana anachora mitindo yake mwenyewe. Mwenye karakana, Bwana Harlan, anampenda, au anasema anampenda, na huku anaiuza ile michoro kwa jina lake. Mwishoni Tereza yuko stesheni na tiketi ya Chicago, ambako amepewa chumba chake, mashine zake na jina lake mlangoni, treni inapiga honi, Harlan anafika mbio na maua, anaomba msamaha, naye Tereza anaichana tiketi na kuimba ule wimbo, *Treni na iniite, mimi sitaondoka*, pazia linashuka, watu wanalia. Wimbo huo umeimbwa arusini kwa miaka hamsini na mitano. Daktari wangu wa meno aliuimba arusini kwake, na huniimbia mimi pia, vidole vyake vikiwa mdomoni mwangu, nisiweze kumwomba anyamaze.

Sasa kuna ukumbi unaotaka kuurudisha mchezo huu jukwaani wakati wa masika, na mwongozaji ni binti wa Bronx, Marisol Quiñones, ana miaka thelathini na minne, na anataka kuubadilisha mwisho. Mkataba wetu wa zamani unasema neno halibadilishwi bila sahihi yangu na ya mrithi wa Morrie, ambaye ni Ruthie, binti wa dada yake, na Ruthie ameniambia, "Shangazi Ilona, ukikubali wewe nimekubali mimi, usinisumbue, nina wajukuu homa imewashika." Kwa hiyo mzigo wote uko kwangu.

Marisol alinialika chakula cha mchana, tukakaa kwenye mgahawa wa kona pale Mtaa wa 86, mimi nikaagiza supu ya kuku, yeye akawa anakula achari za matango zilizo mezani kana kwamba amelipwa kuzimaliza.

"Bibi Ilona," akasema, "nakupenda tangu nikiwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa na sahani ya santuri ya nyimbo hizi. Lakini huyo mwanamke anarudi kwa mwizi."

"Mwizi mwenye sauti nzuri."

"Wote wana sauti nzuri, bibi. Ndiyo kazi yenyewe."

Nikacheka, nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Nikamuuliza yeye anataka nini. Akaniambia anataka Tereza asimsikilize Harlan hadi mwisho, ashuke jukwaani na sanduku lake, apite katikati ya watazamaji, afungue mlango wa ukumbi na kutoka barabarani kweli, upepo wa mtaani uingie, basi. Bila wimbo.

"Bila wimbo?" nikasema. "Kwa saa mbili na nusu nzima anaimba, na akipata akili anakuwa bubu?"

"Maneno yenyewe siwezi kumtia mdomoni, bibi. Nimejaribu. Mwigizaji wangu akifika pale kwenye 'sitaondoka' anaona haya." Kisha akasukuma sahani ya achari pembeni, akaniangalia kama daktari anayetafuta palipovunjika. "Niulize kitu? Mwisho huu aliuandika nani? Maana mchezo mzima una mkono mmoja, na dakika nne za mwisho zina mkono mwingine."

Nikamwambia, "Mkono ni wangu, binti. Kula."

Na hapo ndipo kosa langu lilipo, Mshauri, kwa sababu nilisema kweli na nilisema uongo kwa sentensi ileile.

Ilikuwa Boston, mwaka 1964. Unajua desturi yetu ya zamani, mchezo ulipelekwa kwanza mji mwingine, watu wa huko waukosoe kwa kupiga makofi au kwa kukohoa, ninyi mrekebishe, ndipo uje New York, na siku chache kabla ya kuondoka mtayarishaji anaugandisha, yaani tangu siku hiyo neno halisogezwi, wala koma. Mwisho wetu wa kwanza ulikuwa Tereza anapanda treni. Aliimba ngazini mwa behewa, muziki uleule wa Morrie, kila noti, lakini maneno yalikuwa *Taa na zififie, mimi sitageuka*. Maneno hayo hayakuwa yangu hata kidogo. Asubuhi niliyoondoka Szeged mama alisimama mlangoni na mikono yake ina unga, akaniambia, "Usigeuke. Ukigeuka utarudi." Sikugeuka, na sikumwona tena, alifariki mwaka 1961, mimi nikiwa huku nasubiri karatasi za kuniruhusu kusafiri.

Watu wa Boston walitoka wamenyamaza. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtayarishaji wetu, Gus Halloran, mtu aliyetafuna sigara bila kuiwasha, akaniita Jumapili asubuhi kwenye mkahawa wa hoteli, mayai yake yakiwa yamepoa, akasema, "Mtoto, mwanamume akimpeleka mkewe kwenye mchezo Jumamosi, hataki arudi nyumbani mkewe akiitazama ratiba ya treni. Anabaki, au nafunga." Morrie hakuwepo. Baba yake alikuwa amefariki Alhamisi, naye alikuwa Brooklyn katika matanga yao ya Kiyahudi ya siku saba, kwenye kigoda, vioo vimefunikwa. Gus aliniambia hakuna haja ya muziki mpya, nibadilishe maneno tu. Nikapanda chumbani, kengele za makanisa zikilia, na kabla ya saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza. Jumatatu watu wa Boston wakasimama na kupiga makofi hadi taa zikawashwa. Jumanne Gus akaugandisha. Alhamisi Morrie akarudi, hajanyoa, akaketi safu ya mwisho, akausikia muziki wake una maneno asiyoyajua. Nilimngoja mlangoni. Akasema, "Maneno yameingia vizuri," akaenda kutafuta kahawa. Tulifanya kazi pamoja miaka thelathini na mmoja baada ya hapo na hakutaja tena.

Alipofariki, Ruthie alikuta ndani ya kiti cha piano ukurasa mmoja wa muziki, mwandiko wa Morrie, na chini ya noti yale maneno yangu ya kwanza kwa penseli, hayajafutwa. Akaniletea kwenye bahasha. "Hii ni nini, Shangazi?" "Rasimu tu," nikamwambia. Ukurasa uko kwenye droo pamoja na vijiko.

Magazeti yalipouliza, miaka yote hii, nilisema Tereza alibaki tangu siku ya kwanza, nilijua hivyo tangu mstari wa kwanza. Mwaka 1988 niliwanyima kibali watu wa Chicago waliotaka aondoke, na niliwaandikia barua kali kuhusu heshima ya kazi ya mtunzi, barua ambayo wengine wameinukuu. Nikikubali sasa watasema bibi kizee amefuata upepo. Nikitoa ukurasa watasema alikuwa mwongo. Nikikataa, mchezo haurudi, maana ukumbi umesema wazi kwamba mwisho wa zamani hawautaki, na mimi sitauona tena ukichezwa katika maisha haya. Na jambo la mwisho, ambalo sijamwambia mtu: nilipoandika "sitaondoka" pale Boston sikuwa namfikiria Harlan, nilikuwa naufikiria mji huu, chumba changu, dirisha langu, nilikuwa nimechoka kuondoka. Kwa hiyo hata uongo wangu ulikuwa na ukweli ndani yake, na sijui niuzike upi.

Nimeazimia kukataa. Niambie kama nimeazimia sawasawa.

Ilona, ghorofa ya nne

—

Bibi Ilona,

Umeazimia vibaya, na nadhani unalijua hilo, kwa sababu mtu aliyeazimia sawasawa haandiki kurasa tano.

Kabla sijapandwa na hasira nikupe pole zako, maana zipo. Nilikuwa msimamizi wa jukwaa miaka thelathini na mmoja, ni mimi niliyekuwa nimekaa pembeni gizani nikisema "taa," "pazia," "nenda," na Jumapili za Boston nazijua kwa harufu. Nimeona mwisho wa mchezo ukipikwa pamoja na mayai. Nimewaona waandishi wakubwa kuliko wewe wakimfufua maiti kabla ya saa sita mchana kwa kuwa mtayarishaji ana tumbo linalomsokota. Ulikuwa na miaka ishirini na minane, mgeni, mwanamke, na Gus Halloran angefunga kweli. Kwa kuandika maneno yale sikulaumu. Yaliuokoa mchezo, yakawalisha waigizaji ishirini na wawili, na ni maneno mazuri. Hata mimi niliyaimba arusini kwangu, ndoa ya pili.

Ninachokulaumu ni simu. Hoteli ilikuwa na simu. Brooklyn kulikuwa na simu. Na kama uliona aibu kumpigia mtu aliye matangani, basi ujue, bibi, kwamba matanga ya kina Morrie yamewekwa ili watu waje. Mlango hauna hata komeo siku hizo. Treni ya Boston hadi New York ni saa chache. Ungeingia, ungekaa chini, ungesema, "Morrie, wamenibana." Badala yake ulimwacha Gus augandishe Jumanne ukijua kabisa kwamba Morrie anarudi Alhamisi. Umeniandikia siku zote hizo mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu ngazi alizoanguka. Hilo ndilo kosa lako, na halina uhusiano wowote na Tereza.

Naye akakujibu, "Maneno yameingia vizuri." Umeubeba msemo huo miaka hamsini na mitano ukijiuliza kama ni msamaha au kofi. Mimi sikumfahamu marehemu. Ila najua mtu asiyejali hawezi kuhifadhi ukurasa ndani ya kiti anachokalia kila siku.

Halafu ukafunika kombe mwanaharamu apite. Bibi, miaka hamsini na mitano, na mwanaharamu bado yuko pale mlangoni, amevua kofia, anangoja kukaribishwa. Uliwadanganya waandishi wa habari, hao wamezoea. Uliwadanganya watu wa Chicago kwa barua yenye neno "heshima" ndani yake. Ukamdanganya Ruthie, aliyekuletea bahasha kwa mikono yake. Na sasa juzi, mbele ya supu, umemdanganya msichana aliyeuona mshono ambao wakosoaji wa nusu karne hawakuuona. Ningekuwa mimi, ningemkumbatia.

Sasa usifikiri namuunga mkono Marisol kwa kila kitu, naye najua anasoma safu hii kwa sababu wote wanaisoma na kukana. Binti, sikiliza nawe. Kuna mtindo umeingia wa kuchukua mchezo wa zamani, kuukata kichwa, na kumwachia mtazamaji mlango unaopigwa na upepo. Mwisho mbaya wa zamani nao una haki yake ya kuonekana. Watu wazima wanaweza kuketi, wakauona ubaya, wakarudi nyumbani wakiubishania kwenye treni. Na aliyekufa hana mdomo wa kukujibu, kwa hiyo ukimbadilishia maneno yake uandike jina lako hapo, kwa herufi kubwa kama zake, usijifiche nyuma yake. Lakini hapa mtunzi yu hai, anakunywa supu. Na hoja yake ya siku ile, kwamba Tereza asifanywe bubu, ilikuwa na nguvu kuliko alivyojua: Harlan alimwibia Tereza michoro, na wewe, kwa kumpenda, unataka kumwibia sauti. Mwanamke anayeondoka ana haki ya kusema kwamba anaondoka. Katika mchezo wa nyimbo, kusema ni kuimba.

Narudi kwako, Ilona. Unaogopa watasema umefuata upepo. Waache waseme. Una miaka themanini na mitatu. Umekwisha kufuatwa na upepo wa kila aina. Unaogopa watasema ulikuwa mwongo. Hilo ni kweli, kwa hiyo lisemwe na wewe kwanza, kwa lugha yako nzuri, kabla halijasemwa na mtu asiyejua kuandika. Na wale walioimbiana arusini, hakuna hata mmoja atakayerudisha pete. Daktari wako wa meno ataendelea kukuimbia. Adhabu hiyo siwezi kukuondolea.

Kuhusu ule ukweli ulio ndani ya uongo, kwamba ulikuwa unauimbia mji huu: nakuamini, na umenigusa. Lakini Tereza hakuwa anaimbia dirisha lako. Alikuwa anamwimbia mtu aliyeshika maua kwa mkono mmoja na michoro yake kwa mwingine. Wimbo wa dirisha uweke jikoni kwako, uimbe unapoosha vyombo. Ni wako. Usimvishe mwenzio.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho uende kwa Ruthie. Usipige simu, umeshaona simu na wewe hampatani. Chukua ukurasa kutoka kwenye vijiko, mwekee mezani, umwambie mjomba wake alikuwa wapi wiki ile na wewe ulikuwa wapi. Atakasirika, mwache akasirike, kaa hapohapo. Ukiondoka bila kuchukua kahawa umeondoka mapema mno. Sahihi yake ni nusu ya wimbo huu, na mpaka leo amekuwa akikupa bila kujua anatoa nini.

Kisha Marisol. Mpe maneno. Usimpe maelezo ya nusu saa kuhusu Hungaria kwanza. Mpe ukurasa, mwache asome noti na penseli, yeye mwenyewe atakuuliza yaliyobaki.

Ijumaa, karatasi waliyokuandalia usiitie sahihi. Kata mistari yao, andika yenu, wewe na Ruthie: wimbo uimbwe wote, kwa maneno ya usiku wa kwanza wa Boston, Tereza apande treni, au atoke kwa mlango wa ukumbi kama binti anavyotaka, mlango si tatizo, mradi aimbe mpaka kizingitini, na kijitabu wanachopewa watazamaji mlangoni kieleze, kwa maneno yako, nani aliyabadilisha, siku gani, na mtunzi wa muziki alikuwa anamlilia nani wakati huo. Na yale maneno ya "sitaondoka" yachapishwe hapohapo chini, ili mtu aone yote mawili na asidhani tunaficha tena.

Na sharti la mwisho ni lako peke yako: uwe chumbani wanapofanya mazoezi. Usikilize maneno yale yakiimbwa na mwili wa mtu mwingine. Inawezekana ukayaona machanga. Yaliandikwa na mtu wa miaka ishirini na minane. Basi yarekebishe. Mchezo uligandishwa na Gus, na Gus amekufa, na mtunzi aliye hai anaruhusiwa kuwasha moto. Ila kuna mstari mmoja usiuguse, kwa sababu si wako, umeniambia mwenyewe. Alikupa mwanamke mwenye unga mikononi, nawe ulimwondoa jukwaani Jumapili moja kabla ya saa tisa alasiri. Mrudishe.

Nimeuliza: mazoezi yanaanza Jumatatu baada ya Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, na lifti yao ni mbovu, kwa hiyo toka nyumbani mapema. Chukua ukurasa, chukua miwani ya kusomea. Utasimama mbele ya ule mlango na moyo utakuambia urudi nyumbani, kwamba umezeeka, kwamba imepita.

Usigeuke.

Geraldine